Mikono ya Mkamwana

Bwana Geng alizamisha kidole gumba katikati ya kiganja cha Bi Luan, akamtazama usoni. Uso haukubadilika. Akahamia kifundo, kisha kiwiko, kisha bega. Upande wote wa kushoto ulikuwa kama nyama ya mtu mwingine aliyelazwa kando yake.

"Ganzi tupu," alisema yule mkandaji. "Lakini mwili ukiguswa kwa upole kila siku, huenda ukaamka. Siahidi."

Caifeng, mkamwana wa Bi Luan, alikunja mikono ya sweta lake. "Nifundishe."

Akamfundisha. Aanze begani, ashuke taratibu, asitumie nguvu. "Hukandi unga wa mikate hapa. Shika kama umeshika kifaranga."

"Na maumivu?" Caifeng aliuliza. "Akipata nafuu, atayasikia kama mimi na wewe?"

"Hayo ndiyo yatakuwa habari njema, dada. Siku atakayolia, mnichinjie kuku."

"Na kusema?"

Bwana Geng alitikisa kichwa. Kiharusi kilikuwa kimechukua maneno ya bibi, na hayo hakujua mikono ya kuyarudisha. Caifeng alishusha pumzi.

Bi Luan alisikia yote. Masikio yalikuwa mazima, na akili pia. Kama angeweza kusema, angemwomba Bwana Geng asimwache mikononi mwa mwanamke huyu. Lakini mwanawe, Yongzhi, alikuwa viwandani huko kusini, na nyumbani huja Mwaka Mpya tu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Bi Luan alijua alichomfanyia Caifeng. Mtoto wa kwanza wa Caifeng alikuwa wa kike, na enzi zile nyumba iliruhusiwa mtoto mmoja. Bi Luan alitaka mjukuu wa kiume. Kabla mama wa mtoto hajamaliza arobaini yake kitandani, Bi Luan alikifunga kile kichanga ndani ya mfarishi, akawapa watu wa wilaya nyingine ambao hata majina yao hakuyauliza. Mjukuu wa kiume alikuja baadaye, naye sasa alikuwa mbali masomoni. Caifeng alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanyamaza, na jambo lile halikutajwa tena nyumbani.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, mkamwana alipopanda juu ya kitanda cha tofali, kile kinachopashwa moto kwa chini, na kumfunua blanketi, Bi Luan alifumba macho.

Hakuna baya lililotokea. Caifeng alipasha viganja kwenye bakuli la maji moto, akavipaka mafuta ya ufuta, akaanza begani. Alishuka taratibu, akakanda kidole kimoja kimoja. Kesho yake vivyo hivyo. Majira ya joto yakapita, kabichi zikavunwa na kutiwa chumvi, na mikono ile haikukosa siku.

"Dada, umebahatika wewe!" alisema Bibi Shang, jirani, aliyekuja kutafuna mbegu za alizeti na kutazama. "Mkamwana wangu mimi hunikanda kwa maneno tu. Caifeng, hebu mwuzie mwenzako siri, unaipata wapi subira hii?"

"Nataka asikie tu, shangazi," alijibu Caifeng. "Sitaki kingine."

Bibi Shang alijifuta macho kwa upindo wa aproni.

Bi Luan naye akaanza kulainika. Kumbe alikuwa ameishi miaka yote hii na mtu asiye na kinyongo, na yeye akamwona adui. Usiku aliuwaza uso mdogo mwekundu ndani ya mfarishi, uso ambao hakuwahi kujiruhusu kuuwaza. Alijaribu kulitunga neno moja tu la kuomba msamaha. Ulimi ulitoa mate.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, alihisi kitu. Kwanza kama siafu chini ya ngozi. Kisha baridi ya shuka. Kisha, asubuhi moja, joto la kiganja cha Caifeng juu ya mkono wake, joto halisi, naye akalia kimya kimya kwa furaha.

Bwana Geng aliitwa. Alibana pale kati ya kidole gumba na cha shahada, na Bi Luan akapiga ukelele uliowatimua kuku uani.

"Huyoo!" Bwana Geng alicheka. "Kuku wangu yuko wapi?"

Bibi Shang alipiga makofi. Yongzhi alipigiwa simu, akaonekana kwenye kioo amevaa kofia ya kiwandani, anatokwa na machozi, anamwita mkewe mtu mwema kuliko wote. Caifeng pia alilia. Tangu kile kichanga kiondoke, Bi Luan hakuwa ameona machozi yake.

Walikula, wakacheka, wageni wakaaga. Caifeng aliwasindikiza hadi langoni, akafunga komeo, akarudi na kukaa kando ya mkwewe.

Bi Luan aliunyoosha mwenyewe ule mkono wa kushoto. Uliinuka kidogo, ukitetemeka. Hilo ndilo neno alilokuwa nalo, naye aliomba lieleweke. Caifeng aliupokea kwa mikono miwili, kwa upole uleule, akakitenga kidole cha mwisho.

"Hiki unakisikia, Mama?"

Bi Luan aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Afadhali. Ningekivunja mwaka jana, wala usingejua," alisema Caifeng, akaanza kukikunja kuelekea nyuma.