Ngiri na Mzunguko wa Vilima

Jumamosi, saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda vilimani, Ngiri na Nungunungu waligombania shimo lililohamwa na Muhanga. Ngiri, aliyejivunia miguu yake, akatoa sharti: "Tuifuate njia inayozunguka vilima. Atakayetangulia kurudi hapa ndiye mwenye shimo."

"Kurudi tu, bwana?" aliuliza Nungunungu.

"Kurudi tu, mzee wa kujikokota. Baadaye usinililie."

Wakaondoka. Ngiri alipanda kilima cha kwanza, akavuka bonde, akapanda cha pili, na kila alipogeuka hakumwona mwenzake. Akacheka peke yake. Adhuhuri njia ikamrudisha mlangoni, yu hoi lakini kifua mbele. Kwa desturi ya ngiri wote, aliingia kinyumenyume, ili meno yake yamwelekee adui aliye nje.

"Karibu polepole, bwana," sauti ilisema kutoka ndani. "Mimi nilichoka kwenye kilima cha kwanza, nikarudi. Sharti lako halikudai zaidi."

Ngiri alikuwa amekwisha kuketi. Shimo likabaki kwa Nungunungu, na alasiri nzima mke wa Ngiri alimng'oa mumewe miiba makalioni: thelathini na mmoja.