Jina Alilonipa Kaka

"Maryan, Mohamed, Ali: majina yako hayo kompyuta huyaruka, abaayo, dada yangu," karani wa kambi ya wakimbizi ya Dadaab aliniambia. "Ikiyakubali, itatuletea watu wa kambi nzima, kila mtu anaitwa hivyo. Huna jina la utani?"

Nilikuwa nimekuja kumtafuta mama, lakini ilibidi niandikishwe mimi kwanza.

"Shimbirey," nikasema. Kaka yangu ndiye aliyenipa jina hilo, kwa kuwa nilikuwa mwepesi kama ndege. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Karani akabonyeza herufi tatu tu. Jina likajimalizia lenyewe kwenye kioo.

"Umewahi kuja hapa?"

"Sijawahi."

"Basi kuna anayekutafuta. Mashine hii humalizia jina ambalo limeshaandikwa mara nyingi."

Nikavitazama viganja vyangu. Kwa viganja hivi nilimfunika kaka yangu kwa mawe kando ya njia ya kwenda mji wa Diff, mpakani, mwili ukiwa bado na joto, kwa sababu bunduki zilikuwa zinakaribia.

"Nani?" nikauliza.

"Mwanamume mmoja mwenye makovu usoni. Huja kila siku baada ya swala ya alasiri."

Nje, swala ya alasiri ilikuwa imekwisha, na watu walianza kutoka msikitini.