Siku ya Kumvua Kichwa Bata Mzinga

Mama Kolstad alimkumbatia bata mzinga mbele ya uwanja mzima, akang'ang'ania kama ilivyo kawaida yake. Upande wa pili mashabiki wa wageni walikuwa wanapayuka, "We bata! Kula ushibe, Sikukuu ya Shukrani tunakutia kwenye oveni!" Yeye wala hakugeuka.

"Umelowa jasho, mwanangu," alinong'ona. "Usiseme kitu. Najua huruhusiwi."

Ndani ya manyoya yale ya bandia, Tess Haugen aliuma midomo asije akalia. Hakuwa mwana wa mama huyu. Mwana mwenyewe hata chuoni hakuwepo tena.

Mji wote ule unaishi kwa kufuga bata mzinga, na timu ya chuo ikajiita hivyohivyo. Anayevaa vazi la bata kuchangamsha mashabiki hatajwi jina, na akishaingia ndani ya vazi hafungui kinywa, hata akikanyagwa. Kabla ya Tess bata alikuwa Dane Kolstad. Mama yake alimtambua kwa mwendo tu, siku ya kwanza kabisa, na tangu hapo hakukosa mechi ya nyumbani.

Kisha masomo yakamshinda Dane. Majira ya kuchipua aliaga kimyakimya, akaenda kutafuta kibarua kwenye visima vya mafuta huko Dakota Kaskazini, akamwachia Tess vazi na ombi.

"Mama asijue kwanza. Nikishajipanga nitamwambia mwenyewe. Wewe kila mechi mfuate pale kwenye uzio, umkumbatie. Basi."

Tess alikubali. Alikuwa anampenda yule kijana, ingawa hakuwahi kumwambia. Alijifunza hata kutembea kama yeye, mabega yakiyumba, na Septemba mama alipomkumbatia kwa nguvu mpaka vazi likalia kwenye mishono, akaamini kwamba amefaulu.

Lakini tangu mwezi wa saba simu ya Dane ilikuwa haipatikani. Tess alimtukana moyoni kila siku. Mtu gani anamtwisha mwenzake uongo wa kumdanganyia mama yake mzazi, halafu anazima simu?

Mambo yangeweza kujiendea hivyo mpaka mwisho wa mwaka, kama si mkuu mpya wa chuo. Alitoka mji mkubwa na aliona aibu kuongoza kundi la bata. "Ndege anayejulikana kwa kuliwa hatamtisha mtu," alisema, akapendekeza timu iitwe Radi. Ukaitishwa mkutano. Wafugaji walinung'unika, wanafunzi wakacheka, na kila mtu akajua kwamba uamuzi ulishafanywa kabla ya viti kupangwa.

Mama Kolstad aliendesha gari kutoka mbali akaja kusema neno lake. Alisimama na kofia ya sufu mikononi, akiisokota.

"Msimwondoe, nawaomba," alisema. "Mimi nimebakiwa na huyo tu."

Kuna aliyecheka nyuma. Mkuu wa chuo alitabasamu kwa upole wa watu waliokwisha kushinda. "Mama, lile ni vazi tu."

Mama Kolstad akakaa. Tess alikuwa safu ya nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Angesema nini, kwa kinywa cha nani?

Ikaamuliwa bata aagwe kwenye mechi ya mwisho ya msimu. Na kwa kuwa mvaaji anapomaliza zamu yake ni desturi avuliwe kichwa katikati ya uwanja, watu wote wamwone, hata huyu wa mwisho angevuliwa.

Tess alimfuata kocha wa washangiliaji, Bi. Ruud. "Tuliweke tu stoo, kocha. Bila sherehe."

"Acha masihara. Watu wamekata tiketi waione hiyo sura yako."

"Kuna mtu ataumia."

"Nani? Bata?" Bi. Ruud aliangua kicheko, akaendelea kuhesabu mashada yake ya kushangilia.

Siku ya mechi hiyo theluji ilidondoka tangu asubuhi. Timu ilifungwa vibaya, na hakuna aliyeshangaa. Mtangazaji akaita bata aje katikati. Watu wakasimama, simu zikainuliwa juu, bendi ikapiga wimbo wa chuo.

Tess hakwenda katikati. Alijua kitu kimoja: mama wa watu hawezi kupewa habari kama ile kutoka mbali, akiwa amebanwa katikati ya umati unaoshangilia. Alikata kona akaenda kwenye uzio. Alisimama mbele ya Mama Kolstad, akashika kichwa cha bata kwa mikono miwili, akakivua mwenyewe. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Theluji ikamwangukia kwenye nywele zilizoloa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Si Dane. Ni mimi muda wote huu. Yeye aliacha chuo, akanikataza nisikwambie. Nimempigia mpaka nimechoka, mama, hapatikani, na sijui yuko wapi."

Mama Kolstad hakupiga kelele, wala hakurudi nyuma. Alivua glavu, akamfuta binti yule theluji usoni taratibu.

"Najua alipo, binti yangu. Nilimzika mwezi wa saba," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, ukijua, hutanikumbatia tena."