Jiwe la Kisigino

Mtaalamu wa mawe alichora mstari wa chaki juu ya jiwe letu, akanyoosha mkono awashe msumeno.

"Hapo hapana, kaka," nikamwambia.

Alikuwa ameshanieleza yote. Jiwe lilianguka kutoka angani, halifanani na mengine waliyowahi kupima, na hakuna anayejua huko juu lilimeguka kutoka wapi. Ili lisajiliwe, lazima likatwe kipande cha kuhifadhiwa maabara. Jina lake litakuwa la mahali lilipopatikana.

"Mlilipata wapi?" alikuwa ameniuliza.

"Mimi nimelikuta bafuni kwa mama."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, hatuwezi kuliita Bafuni! Nitaandika jina la mtaa wenu."

Sasa, mkono ukiwa kwenye msumeno, hakuwa akicheka. "Upande huu umeshalika," alisema. "Ganda jeusi, lile lililoungua likishuka, limebaki huku kwingine tu, na ganda ndilo mali. Tukikata hapa hatupotezi kitu."

Nikavua kiatu. Nikaliweka jiwe sakafuni, nikakanyaga pale palipolika. Kisigino kikatulia humo kama kilichongewa.

"Mama alisugulia visigino hapo kila alipooga, tangu sijazaliwa," nikasema. "Tumemzika Jumamosi."

Aliangalia mguu wangu, kisha akainama akaliokota jiwe. Alifuta chaki kwa kiganja, akaligeuza, akawasha msumeno na kuanza kukata ganda jeusi, lile lile alilonikataza hata kuligusa kwa kidole.