Miraba Iliyopandana

Siku hizo kila aliyetimiza miaka sabini alipandikizwa chipu ya kumbukumbu nyuma ya sikio, na sheria ilikataza kuitoa.

Mishi ndiye aliyeichora chipu hiyo. Alichora mraba mmoja wa kuhifadhia kumbukumbu moja, wenye upana wa kumi, kisha akaandika programu fupi ya kuurudia mara milioni, mmoja kando ya mwenzake. Badala ya kuusogeza kumi kila mara, akaandika tisa. Miraba ikapandana kingo, na kumbukumbu zilizokaa kwenye miraba jirani zikawa zinaingiliana. Aligundua kosa lake chipu zikiwa tayari vichwani mwa watu. Akafyata ulimi.

Jumapili alimkuta mdogo wake, Raya, akimkanda mama yao miguu, kama alivyofanya kila siku kwa miaka sita.

"Mishi, mwanangu," mama alisema, "miaka sita unanikanda wala huchoki!" Akamgeukia Raya kwa adabu. "Na wewe, binti, umetumwa na nani?"

Raya alijichekesha, machozi yakimlengalenga. "Usimsahihishe, dada. Uzee tu huo."

Mama akainua viganja. "Mungu akulipe, Mishi, kwa yote uliyonitendea."

Mishi akalitazama kovu la chipu nyuma ya sikio la mama.

"Itikia basi, dada," Raya akamhimiza.

"Amina," akasema.