Kiti cha Rubani Kwanza

"Kiti hakitangulii, gwe!" Mzee Asukile alipiga meza kwa spana. "Tunafunga pedali kwanza, halafu kiti kinafuata miguu yako. Hata baiskeli inapimiwa miguu!"

Lusekelo, mwanawe, alikuna kichwa. "Subiri, tata. Ngoja nikavute hewa kidogo."

Akatoka nje ya banda, akapotelea uani. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Ndege yao ilikuja kwa vipande ndani ya makasha, na walioitengeneza walieleza kila kipande kinakaa wapi. Kipi kitangulie, hapo ilikuwa kazi ya kichwa chako mwenyewe. Baba na mwana walibishana karibu kila siku. Na kila walipokwama, kijana alikwenda kuvuta hewa, akarudi na jibu.

Wakati wa mabawa, Asukile alitaka kuyafunga bati upesi upesi. Lusekelo akavuta hewa, akarudi. "Tukifunga sasa, tangi la mafuta humo ndani likivuja tutajuaje?" Wakalijaza, na kweli likavuja. Mzee wala hakuona haya. Alifurahi mpaka akawatangazia wazee wenzake wa kanisa kwamba kijana wake ana kichwa kuliko yeye.

Maisha yake yote Asukile alikuwa fundi wa ndege za watu. Alilala chini yake, akazipaka grisi, akazipungia mkono zikiondoka. Kukaa mbele hakuwahi. Alipostaafu akarudi kwao Mbeya na makasha yake, na ndani ya makasha kulikuwa na viti viwili tu, bega kwa bega. Ahadi ilikuwa moja: Lusekelo atarusha, baba yake atakaa pembeni. Asukile hakuwa na jingine alilolitaka duniani. Ni kweli kijana huyo alipanda paa la banda mara moja tu, akashuka kwa kutambaa, jasho linamtoka. Lakini si alikuwa anakwenda Iringa kila mara kujifunza urubani? Ataizoea tu.

Huko Iringa alikwenda na mkewe, Tusekile, eti amsalimie shangazi yake Tosamaganga. Asukile hakuuliza zaidi, maana mambo ya mkwe hayaulizwi. Alikuwa Mnyakyusa wa zamani: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawakai pamoja, basi. Kila alipopita uani kwenda bandani alikohoa kwa nguvu, na mama wa watu akajifunika khanga, akajibanza nyuma ya jiko mpaka mzee apite. Wangekutana sokoni asingemtambua.

Lusekelo alirudi. "Kiti cha rubani kwanza, tata. Tena kisogezwe mbele kabisa. Pedali zitafuata."

"Mbele? Na miguu yako hiyo? Magoti si yatagonga usukani?"

"Kifungwe hivyo hivyo, tata." Akaondoka bila kumtazama baba yake.

Asukile alikaa juu ya kasha, akawaza. Mtu gani anakaa mbele namna ile? Mfupi. Na nani mfupi aliyekuwa akiitamani ndege hii? Zabron wa Chunya, tajiri wa dhahabu, mtu asiyefika hata begani kwa mkewe! Alikuja mara moja kuiangalia, akaizunguka huku akilamba midomo. Asukile alimwambia haiuzwi. Lusekelo ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye gari, na waliongea huko muda mrefu mno.

Kumbe huko ndiko hewa inakovutwa! Kijana anatoka kumpigia simu Zabron, anarudi na maneno ya Zabron, na yeye mzee mzima anayasifia kanisani. Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Angemwibia ng'ombe wote zizini angemsamehe, lakini siyo hiki.

Alikifunga kile kiti mbele kama alivyoambiwa, na boliti zote akazikaza sawasawa, kwa sababu boliti ikilegea inaua hata mwizi.

Mkaguzi alikuja, akairusha, akatua, akasema iko salama. Kesho yake ilikuwa zamu ya wenyewe. Lusekelo alitangulia uwanjani. Asukile alimfuata amevaa koti la ibada na kofia mpya, na moyoni ana maneno aliyoyapanga tangu jana.

Aliiona kwa mbali, nyeupe juani. Mlango wa rubani ulikuwa umefungwa, na ndani kulikuwa na kichwa kimoja, kinachungulia kidogo tu juu ya ukingo wa dirisha. Lusekelo alikuwa amesimama nje, kando ya bawa, na miguu yake mirefu.

"Umeshindwa hata kungoja nife?" Asukile alimpita mwanawe bila kusimama. "Zabron! Shuka kwenye ndege yangu! Shuka, mwizi we!"

"Tata, usifungue! Tata, nakuomba..."

Aliuvuta mlango kwa nguvu zote.

Rubani alishtuka, akavuta khanga akajifunika uso, akajikunyata upande wa pili kama anavyojibanza siku zote nyuma ya jiko.

Na Asukile, kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshageuza mgongo, akakohoa.

"Viti viwili, bega kwa bega," alimwambia mwanawe, macho kwenye nyasi. "Ulijua, Lusekelo. Tangu siku ile ya kiti ulijua sitapanda."