Radi Hafi

Joka lilitema moto, moto ukampiga Radi kifuani, na Radi hakuungua hata ukope.

"Ngao," alisema Mama Loth, huku akimenya chungwa. "Ngao yake haipitishi moto."

"Juzi ulisema haipitishi mikuki," Rodgers alilalamika.

"Na moto pia. Nilisahau kusema."

Elinaza alishusha pumzi. Yeye alikuwa fundi simu mjini Same, na kila Jumamosi mchana chumba cha nyuma ya duka lake kiligeuka dunia nyingine: meza moja, viti vya plastiki, na dadu lenye pande ishirini. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake. Elinaza husimulia hatari, wao husema watafanya nini, na dadu huamua nani apone. Ndivyo gemu ilivyokwenda mpaka alipoingia mama huyu kutoka kijiji cha Bombo, na kiroba chake cha tangawizi.

Alikuja kushika nafasi ya mwanawe. Loth ndiye aliyembuni Radi, kabla hajaenda kutafuta maisha machimboni. "Yuko mbali," mama alisema siku ile ya kwanza, akiwa bado amesimama mlangoni. "Mtu wake asipotee. Nitamchezea mimi." Nani angemkatalia mama wa mtu? Wakamkaribisha kiti, wakamfundisha.

Wakaja kujuta. Mama aliyezoea kuvutana bei na wachuuzi hakushindwa kuvutana na Elinaza. Jumamosi moja akajipatia mkuki usiokosa. Nyingine, dawa inayofunga jeraha lolote. Kisha ngao. Dadu likianguka vibaya, alidai limetikiswa na lori huko barabarani, akarusha tena. Wenzake walikufa, wakabuni wahusika wapya, nao wakafa. Radi hakupata hata mchubuko. Huruma ni kitu kizuri, ila gemu iliharibika kabisa.

Simu ya mama ililia. Mumewe hakukosa kupiga Jumamosi.

"Ndiyo, Baba Loth... Watu wa ukoo wamekuja tena? Waambie ule mgomba usiguswe. Nikifika nikute umekatwa, tutakosana." Akakata simu.

"Kesi ya shamba bado haijaisha, Mama?" aliuliza Jenifer, mwanafunzi wa uuguzi, mpole kuliko wote pale mezani.

"Haijaisha."

Elinaza alikohoa. Safari hii alikuwa amejiandaa. Rodgers alishatishia kuacha kuja, na bila Rodgers hakuna gemu, hivyo alikesha akiwaza namna ya kumpunguza Radi nguvu. Alikuwa amepata njia, na alijiona mjanja.

"Joka limekimbilia pangoni," alisimulia. "Mlango ni mwembamba, mtu anapita kwa kutambaa. Ngao haipiti. Mkuki haupiti. Anayeingia anaingia mikono mitupu, na ndani mawe yanadondoka."

Mama Loth aliacha kutafuna.

"Radi atasubiri nje," alisema.

"Kila siku atasubiri nje!" Rodgers alicheka, lakini hasira ilisikika. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Mama Loth. Mtu asiyeweza kufa si mtu, ni sanamu tu. Hata Loth mwenyewe hachezi hivi. Loth angeingia."

"Angeingia," mama alikubali. "Ndivyo alivyo yule. Ukimwambia subiri, ameshaingia."

Akafuta vidole kwa khanga, kimoja kimoja. "Sasa akiingia, mawe yakamwangukia, ninyi mtafanyaje?"

"Tutamlilia," alijibu Jenifer. "Tutayasimulia aliyoyafanya. Halafu tutaendelea."

"Bila kuuona mwili?"

"Bila mwili, Mama. Pango likishaanguka, nani atamtoa?"

"Na kilio hicho kinatosha?"

Jenifer hakuelewa aliulizwa nini hasa, ila macho ya yule mama yalimtia hofu, akaona asijibu kwa mzaha. "Itabidi kitoshe. Waliobaki nao wana safari yao."

Nje kondakta alikuwa akiita abiria wa Hedaru. Mama Loth alisikiliza kana kwamba anaitwa yeye. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Radi anaweka ngao chini," alisema. "Anaweka na mkuki. Na dawa anaiacha. Anaingia."

Hakuna aliyeshangilia. Elinaza alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu, lakini sasa ilipofika alimwonea mama huruma, akalegeza masharti. "Ukipata zaidi ya tano tu, anatoka mzima."

Dadu liliviringika, likagonga maganda ya chungwa, likatulia. Kumi na tisa.

"Katoka!" Rodgers aliruka, amesahau hasira zake zote. "Mama Loth, katoka mzima! Bila ngao, bila chochote!"

Mama alinyoosha kidole. Taratibu akaligeuza dadu, upande hadi upande, mpaka moja ikakaa juu.

"Hakutoka," alisema.

Kisha akachukua simu, akapiga Bombo.

"Baba Loth, waambie wakate ule mgomba. Wauvishe shati la Loth la kwaya, uwe ndio mwili wake, wachimbe kaburi kando ya alipolala babu yake. Nimekubali, mgodi uliomfukia hautamrudisha. Nipo njiani, nakuja kumzika mwanangu."